Nimweleze vipi mwenzangu Mwislamu juu ya Utatu Mtakatifu bila kumpotosha?

muuguzi_wa_zamu

Habari zenu ndugu. Naomba msaada, na tafadhali tusiugeuze uzi huu uwanja wa kurushiana mawe.

Mimi ni muuguzi, mara nyingi nafanya zamu za usiku. Mwenzangu wa zamu ni dada Mwislamu, huu ni mwaka wa nne tuko wodi moja. Nikiugua ananishikia zamu. Akifunga, namshikia mimi. Wiki iliyopita, kama saa tisa usiku, wodi imetulia, akaniuliza kwa upole kabisa: "Hivi wewe ukisali, unamwomba nani hasa? Mungu mmoja au watatu?" Nikamjibu, mmoja. Akasema, "Sasa Baba, Mwana na Roho ndiyo nini?"

Nikampa mfano niliofundishwa darasa la kipaimara, ule wa maji: yakiganda ni barafu, yakichemka ni mvuke, na bado ni maji yaleyale. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo Mungu hugeuka? Isa alipokuwa duniani, mbinguni hapakuwa na mtu?" Nikakwama. Nikarukia yai: ganda, ute na kiini. Akasema, "Lakini kiini peke yake si yai. Basi Isa ni theluthi ya Mungu?" Hakuwa ananicheka. Alikuwa anasikiliza kweli, mimi ndiye sikuwa na cha kumpa.

Mgonjwa akaita, nikaenda. Tangu usiku ule sina amani. Jambo hili nalitamka kila siku ninapofanya ishara ya msalaba, halafu nashindwa kulieleza kwa mtu ninayempenda. Sitafuti kumshinda. Nataka ajue ninachoamini jinsi kilivyo, hata asipokikubali. Nianzie wapi?

kijana_wa_kwaya

Dada, mwambie jua. Kuna jua lenyewe, kuna mwanga wake, kuna joto lake, na hakuna anayesema majua matatu. Pia 1 Yohana sura ya 5 inataja watatu washuhudiao mbinguni, Baba, Neno na Roho, na kwamba ni umoja. Mpe hiyo. Akiendelea kuuliza mwambie ni fumbo, akili ya mwanadamu haifiki huko.

katekista_mzee

Dada muuguzi, pole kwa kukwama, lakini huyo mwenzako amekutendea wema. Kwa maswali mawili amegusa makosa mawili ambayo Kanisa lenyewe liliyakataa zamani. Mfano wa barafu na mvuke ni fundisho la Sabellius wa karne ya 3: Mungu mmoja anayevaa sura tatu kwa zamu, leo Baba, kesho Mwana, keshokutwa Roho. Kanisa lilikataa, kwa sababu pale Yordani, Yesu alipobatizwa, Mwana yuko majini, Roho anashuka, na sauti ya Baba inasikika, yote kwa wakati mmoja. Na yai linamkata Mungu vipande. Mwenzako alikuwa na haki kukataa yote mawili, na ukikutana naye anza kwa kumwambia hivyo: "Ulisema kweli, mifano yangu ilikuwa mibovu." Neno hilo peke yake litamwonyesha kuwa hamko mashindanoni.

Nayasema haya kwa kuwa nimeyakosea. Mke wangu alizaliwa katika nyumba ya Waislamu na shemeji zangu ni Waislamu mpaka leo. Miaka ya mwanzo niliwamwagia mifano mpaka mkubwa wao akaniambia, "Shemeji, kila ukieleza, Mungu wako anapungua." Maneno yale yalinichoma. Nilirudi kusoma kwa sababu yake.

Kijana wa kwaya, usiudhike. Yale maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Mwanazuoni Erasmus alipochapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, na tena mwaka 1519, hakuyaweka. Aliyaingiza mwaka 1522 baada ya kulaumiwa sana. Waislamu waliosoma wanalijua hilo. Ukimpa mtu aya hiyo naye akaibomoa mbele yako, atadhani imani nzima ilikuwa imeegemea hapo, na sivyo. Na fumbo ni fumbo kweli, mimi nalipigia magoti. Lakini hilo ni neno la kusema mkiwa mmetembea pamoja mpaka mwisho wa njia. Ukilitanguliza, umemfungia mgeni mlango usoni.

Sasa dada, pa kuanzia. Anza na yale ambayo wewe na yeye mnayakana pamoja.

Yeye amekua akisoma Suratul Ikhlas: "Hakuzaa wala hakuzaliwa." Sura ya 6, aya ya 101, inauliza Mungu atakuwaje na mwana naye hana mke. Kwa hiyo ukisema "Mwana wa Mungu", yeye anasikia Mungu aliyeoa. Mwambie waziwazi kwamba hata kwetu hiyo ni kufuru. Hili si jipya. Mwaka 781 hivi, huko Baghdad, Khalifa al-Mahdi alimwita Timotheo, Patriaki wa Kanisa la Mashariki, wakazungumza siku mbili. Jambo la kwanza khalifa alilomuuliza ndilo hilo: mtu mwenye elimu kama wewe unawezaje kusema Mungu alioa mwanamke akapata mwana? Timotheo alishtuka, akamuuliza ni nani aliyewahi kutamka kufuru ya namna hiyo. Zaidi ya miaka 1,200 imepita na bado tunaanzia palepale, kwa sababu kila mara tunadhani jambo hili linaeleweka lenyewe.

Kiswahili chetu kinakusaidia hapa. Mwananchi hakuzaliwa na nchi. Mwanamaji hakuzaliwa na maji. Hata Kurani, Sura ya 2 aya ya 177, inamwita msafiri ibnus-sabil, mwana wa njia, na hakuna anayeuliza njia ilimzaa lini. Ila usiishie hapo, maana utakuwa umemdanganya kwa upande mwingine. Sisi tunapomwita Yesu Mwana hatusemi msemo tu. Mababa waliokutana Nikea mwaka 325 walikiri kwamba amezaliwa bila kuumbwa, ana umungu mmoja na Baba. Mwananchi anaondoa wazo la mke na kitanda, basi. Kazi yake inakoma hapo.

Jambo la pili la kukana ni Mariamu kuwa mungu. Katika Sura ya 5, aya ya 116, Isa anaulizwa kama ndiye aliyewaambia watu wamfanye yeye na mama yake kuwa miungu. Waislamu wengi niliokaa nao walichukulia kwamba Utatu ni Mungu, Mariamu na Yesu. Usingoje aulize. Mwambie Mariamu ni mwanadamu, kiumbe, tunampenda na kumheshimu, hayumo katika Utatu wala hajawahi kuwamo. Epiphanius, askofu wa Salamis katika kisiwa cha Kupro, aliwakemea katika karne ya 4 wanawake waliokuwa wakimtolea Mariamu sadaka ya mikate kana kwamba ni Mungu. Yaani kosa hilo Kanisa lililikemea kabla ya Uislamu.

Baada ya hapo sema habari ya umoja, na uiseme kwa moyo wote, si kama mtu anayejitetea. "Sikiza, Ee Israeli" ya Kumbukumbu la Torati 6:4 ndiyo Yesu aliyoitaja alipoulizwa amri iliyo kuu, iko Marko 12:29. Wakristo wa Kiarabu wakisema "kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu" huongeza papo hapo "Mungu mmoja", kwa sababu wanajua jirani anasikia nini. Na ni "kwa jina", Mathayo 28:19, si "kwa majina". Mwonyeshe neno hilo kwa kidole.

Halafu ingia kwenye Neno. Muulize kama Mungu aliwahi kuwa bila Neno lake, siku moja akiwa bubu, kisha akajifunza kusema. Atakataa. Yohane wa Damasko, mwalimu Mkristo aliyeishi chini ya utawala wa Waislamu katika karne ya 8, aliuliza hivyohivyo: ukimtoa Mungu Neno lake na Roho wake, umembakiza nini? Na Waislamu wenyewe wana historia nzito juu ya hili. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun aliwalazimisha wanazuoni waseme Kurani imeumbwa. Ahmad ibn Hanbal alikataa, akafungwa, baadaye akachapwa mijeledi, hakurudi nyuma. Masunni wakashika kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu hayakuumbwa. Kwa hiyo mwenzako tayari anajua kwamba lipo lisiloumbwa ambalo ni la Mungu na bado si mungu wa pili. Hapo ndipo mfungulie Yohana 1:1: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu."

Angalia pia neno "nafsi". Sisi tumerithi "Mungu mmoja, nafsi tatu", nalo ni tamko zuri, lakini masikioni mwake kila mtu ana nafsi yake, kwa hiyo nafsi tatu ni watu watatu. Wakristo wa Kiarabu waliliona tatizo hilo, wakachukua neno la Kisiria, uqnum, wingi wake aqanim, wapate neno ambalo halijabeba mzigo mwingine. Wewe huna haja ya Kisiria. Mimi hueleza kwa maswali mawili. Ukiniuliza "ni nini?", nakujibu Mungu, mmoja, hagawanyiki, hana mwenziwe. Ukiniuliza "ni nani?", nakujibu Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Tatu na moja hazijibu swali moja, ndiyo maana hatusemi moja ni tatu. Hatujawahi kusema hivyo.

Mfano wa jua Timotheo aliutumia mbele ya khalifa, basi sina ugomvi nao. Ila mwanga haulipendi jua. Na kwangu mimi hapo ndipo penyewe. Katika Yohana 17:24 Yesu anamwambia Baba, "ulinipenda kabla ya kuwekwa msingi ulimwengu." Kabla hakujawa na malaika, wala mtu, wala jani la mti, Mungu alikuwa tayari anapenda. Hakungoja kutuumba sisi ndipo apate wa kumpenda. Nilisoma Yohana miaka mingi bila kuiona aya hiyo. Siku nilipoiona niliacha kuuhesabu Utatu, nikaanza kuusali.

Na hivyo ndivyo ulivyoanza, dada. Haukuanza na hesabu. Mitume walikuwa Wayahudi, watu ambao wangekufa kuliko kusujudia kiumbe. Hao ndio waliojikuta wakimwambia Yesu aliyefufuka, kama Tomaso, "Bwana wangu na Mungu wangu!" Waliomba kwanza, maneno ya kueleza yakaja nyuma yao, tena kwa taabu, kuanzia mtaguso wa Nikea 325 mpaka ule wa Konstantinopoli 381.

mwalimu_wa_madrasa

Amani iwe juu yenu. Mimi ni Mwislamu, nafundisha watoto Kurani. Nimeusoma uzi huu tangu mwanzo, na nimefurahi kuona mzee hakututukana wala hakutusingizia. Kwa haki hiyohiyo, naomba niseme mawili ili dada asije akashangazwa na mwenzake.

La kwanza, ni kweli Ahlu Sunna tunasema maneno ya Allah hayakuumbwa. Lakini kwetu hayo ni sifa yake. Wanazuoni wa Kiash'ari, shule moja kubwa ya itikadi kwetu, wana kauli maarufu: sifa zake si Yeye, wala si kitu kingine mbali naye. Sifa haisemi "mimi" na "wewe". Sifa haimpendi mwenye sifa wala haimwombi. Na Allah ana pia elimu, uwezo, uhai, kusikia na kuona. Ikiwa Neno ni nafsi, kwa nini uwezo wake usiwe nafsi? Kwa nini mkome kwenye tatu?

La pili, Sura ya 4 aya ya 171 inamwita Isa neno lake na roho itokayo kwake, nami naona Wakristo hufurahia sana aya hiyo. Lakini aya hiyohiyo inaendelea kusema msiseme "watatu". Sisi tunafahamu aliitwa neno kwa kuwa aliumbwa kwa neno "Kuwa", kama Adam, Sura ya 3 aya ya 59. Kwa hiyo mkimsomea dada yule nusu ya aya, atawasomea nusu ya pili.

Sisemi haya kwa ubishi. Nami napenda mtu akijua ninachoamini kabla ya kukikataa.

katekista_mzee

Mwalimu, umesema kweli, na dada asipuuze hata moja. Sikuitaja ile aya ya 171 kwa makusudi. Zamani niliitumia kwa shemeji zangu nikaona naiba maneno ya kitabu chao na kuyatia maana ambayo kitabu chenyewe hakikukusudia. Nikaacha.

Kwa nini tukome kwenye tatu? Swali hilo wenzako waliwauliza wenzangu tangu enzi za Baghdad, nalo ni swali halali. Kuna Wakristo waliojaribu kujibu kwa kuchagua sifa fulani na kusema hizi ndizo kubwa kuliko nyingine. Mimi naona walikosea njia. Sisi hatuhesabu sifa. Uwezo wa Mungu ni mmoja, nao ni wa Baba na wa Mwana na wa Roho. Elimu vivyo hivyo, uhai vivyo hivyo. Gregori wa Nazianzo alifundisha katika karne ya 4 kwamba kinachowatofautisha ni uhusiano wao tu: Baba hatoki kwa yeyote, Mwana amezaliwa na Baba, Roho anatoka kwa Baba. Kila kingine ni kilekile.

Na hilo hatukulipata kwa kufikiri. Ungenipa akili peke yake bila Injili, ningeishia hapo ulipo wewe, kwa Mungu mmoja mwenye sifa zake. Tumelipata kwa sababu Yesu alimwita Mungu Baba yangu, akaahidi Msaidizi mwingine, ndiye Roho, Yohana 14:16, na huyo Msaidizi anafundisha, anakumbusha, anahuzunishwa. Sifa haihuzunishwi. Kwa hiyo hoja ya Neno lisiloumbwa ni daraja la kumfikisha mwenzake dada ukingoni, aone kwamba hatuwazungumzii miungu watatu. Haimvushi. Tofauti yetu hasa, mimi na wewe, haiko kwenye hesabu ya tatu. Iko Yohana 1:14, "Naye Neno alifanyika mwili." Mimi nasema alifanyika, wewe unasema haiwezekani, na hapo hatuwezi kupakana mafuta.

Timotheo naye alifika hapo na khalifa. Akamwambia ni kama lulu iliyoanguka usiku ndani ya nyumba yenye giza: wote wanapapasa, mmoja ameishika lulu, mwingine kipande cha kioo, mwingine jiwe, na kila mmoja anafurahi akijua lulu ni yake, mpaka kutakapokucha.

mwalimu_wa_madrasa

Hapo tumeelewana kwamba hatujakubaliana. Mungu akulipe kheri, mzee.

muuguzi_wa_zamu

Nimerudi. Jana tulikuwa zamu pamoja.

Nilianza kama ulivyosema mzee, kwamba maswali yake yalikuwa sahihi na mifano yangu mibovu. Akashika mkono wangu, akasema alikuwa anaogopa ameniudhi. Nikamwambia habari ya Mariamu. Alinyamaza, halafu akasema, "Wallahi miaka yote nilijua Maryamu ni mmoja wa hao watatu." Miaka minne tumekaa meza moja, dawa moja tunagawa, na hakuna aliyemwambia. Nilitamani kulia.

Yale maswali mawili, "ni nini" na "ni nani", yalimsaidia kuliko chochote. Hakusema amekubali, alisema, "Sasa angalau naona si hesabu mbovu." Ya Neno sikuifikisha mbali, nilikumbuka onyo la mwalimu nikaogopa kusema nisichokijua vizuri. Mwalimu, asante sana.

Lakini kabla ya kwenda kuswali alfajiri aliniachia lingine. "Isa naye alisujudu, imo kwenye Injili yenu. Alikuwa anamsujudia nani? Nafsi yake mwenyewe?" Nilipofika nyumbani nikaiona, Mathayo 26:39, alianguka kifulifuli akaomba. Nimjibu nini?

katekista_mzee

Mjibu kwamba alimwomba Baba, tena kweli. Hakuwa anaigiza. Hapa ndipo ule mfano wa barafu unapokufa kabisa: kama Yesu angekuwa ni Baba aliyebadili sura, usiku ule wa Gethsemane ungekuwa mchezo wa mtu anayezungumza peke yake, na jasho lile lingekuwa uongo. Mwana si Baba. Alipofanyika mwanadamu, alimsujudia Mungu kama inavyompasa kila mwanadamu, asingekuwa mwanadamu wa kweli bila hilo. Lakini mazungumzo yenyewe, Mwana kumwambia Baba "wewe", hayakuanza Gethsemane. Yalikuwako kabla ya ulimwengu, nasi tuliruhusiwa kuyasikia kwa lugha ya mwanadamu.

Usimbebee maneno yangu haya yote. Mkipata nafasi, msomee Yohana 17 yote, taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Aya ya 3 inamwita Baba "Mungu wa pekee wa kweli", naye atakusimamisha hapo. Mwache akusimamishe, usiiruke. Mwambie ndiyo, Mungu wa pekee, hatuna mwingine, kisha msome aya ya 5 pamoja, mahali Mwana anapoomba utukufu aliokuwa nao pamoja na Baba kabla ulimwengu haujakuwako. Akiuliza, jibu alichouliza tu. Usipojua, sema sijui, nitauliza.

muuguzi_wa_zamu

Asante mzee. Tuko zamu pamoja Alhamisi, nitabeba Biblia yangu.